Huyo Mbu Ni Wako

Kuna swali moja mnaniuliza kuliko yote, na nimechoka kulijibu mmoja mmoja: "Nimeskiza rekodi siku nne na sijahisi kitu. Niko na shida gani?"

Huna shida. Na yule beshte yako anayesema mkono wake ulipaa wenyewe, mwili ukawa mzito kama gunia la mbolea, halafu kuna mtu alimgusa bega na hakukuwa na mtu kwa keja, naye pia hana shida. Shida iko kwa kile nyote wawili mmeambiwa hisia hizo zinamaanisha.

Nazungumzia zile rekodi za hipnosi ya kujifanyia mwenyewe. Kama hujakutana nazo, ni nusu saa hivi ya sauti ya upole, yenye lafudhi ya Marekani hata kama mwenyewe ni wa Rongai, na nyuma yake kuna mvua au mawimbi. Anakuambia ulale chali, ufunge macho, upumue, uhesabu kutoka kumi ukishuka, na kila namba unazama zaidi. Halafu maagizo yanaanza. Utalala vizuri. Utaacha kuahirisha mambo. Utaacha pombe. Pesa itakufuata. Ex atapiga simu. Zingine hazina lengo lolote isipokuwa uhisi vitu ambavyo havipo: joto mkononi, harufu ya maua, mguso, kuelea. YouTube zimejaa bure, na kuna wasee wamezigeuza biashara kwa WhatsApp. Mia tano ya kwanza, halafu elfu moja mia tano ya "kiwango cha ndani".

Hisia zenyewe ni za kweli. Simwambii mtu alidanganya. Ninachokataa ni hizo hisia kuuzwa kama risiti, yaani ukihisi kitu basi rekodi imefanya kazi, na usipohisi, lipa uende kiwango kingine. Kuhisi mkono ukipaa hakuthibitishi kwamba utaacha pombe. Kunathibitisha kwamba una ubongo.

Niseme mapema, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na kozi yangu ilikuwa takwimu, haihusiani kabisa na mambo ya akili. Lakini miaka hiyo miwili ilinipa swali moja ambalo natembea nalo hadi leo hapa Gakindu: ukilinganisha na nini? Mtu akiniambia dawa fulani ilimponya, nauliza, wale hawakuinywa walipona wangapi? Hilo swali litakusaidia kwa hizi rekodi kuliko hedifoni za bei.

Sasa twende kwa mbu.

Mwaka 1962, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Weitzenhoffer na Hilgard, walitoa kipimo cha kuona nani anaitikia hipnosi na kwa kiasi gani. Ni mambo kumi na mawili, kuanzia rahisi hadi magumu. Unaambiwa mkono wako unashuka wenyewe. Unaambiwa mdomoni kuna kitu kitamu, halafu kichachu. Na mojawapo ni mbu: kuna mbu anakuzunguka, anakuimbia, anakaribia mkono wako. Msimamizi anaangalia tu kama utajikuna, utamfukuza, au utakunja uso. Hakuna mbu. Sisi wa Gakindu mbu tunakutana naye tukienda Mwea, kwa hii baridi yetu hawezi. Lakini nakuhakikishia kuna mtu hapa mtaani ukimpa hilo jaribio Julai, na sweta mbili amevaa, atajipiga kofi.

Na kuna mwingine hatahisi hata ukimwimbia wewe mwenyewe sikioni. Watu hawako sawa kwa hili. Takriban mmoja kati ya kumi anaitikia sana, wengine kama hao hawaitikii kabisa ama kidogo sana, na sisi wengi tuko katikati, tunapata mkono mzito lakini hatumpati mbu. Na haibadiliki ovyo. Stanford waliwahi kuwapima tena watu baada ya miaka 25, na kwa jumla waliokuwa juu walibaki juu, waliokuwa chini wakabaki chini. Kwa hivyo mtu akikuuzia "kiwango cha pili" kwa sababu cha kwanza hukuhisi kitu, anakuuzia viatu virefu ili uongeze kimo.

Wale mnaohisi mnauliza: kama hakuna kitu, mbona nimekihisi? Fikiria simu yako. Ni mara ngapi umeskia imetetemeka mfukoni, umeitoa, hakuna mesej, hakuna simu, hakuna kitu? Wakati mwingine hata simu yenyewe iko kwa chaja na mfuko hauna kitu. Paja lako halikukudanganya kwa ubaya. Ubongo haukai ukingoja habari zote zifike ndiyo uamue, unakisia kwanza, halafu unasahihisha. Ukiwa unangoja mesej ya mtu fulani, makisio yanakuwa mengi. Rekodi ya hipnosi inafanya kazi hiyo hiyo kwa makusudi. Inakulaza gizani, inanyamazisha kila kitu kingine, inakuambia nusu saa nzima ungoje joto kwa kiganja. Na kiganja cha mtu yeyote, ukikiangalia kwa makini dakika kumi, kina joto, kina mchomo, kina mdundo wa damu. Vilikuwepo. Hukuwa umevipa nafasi.

Ukilinganisha na nini, sasa? Mwaka 2001 kule Maastricht, Uholanzi, wanafunzi 44 wa chuo waliskizishwa ule mvumo wa redio isiyoshika stesheni. Waliambiwa huenda ndani yake kuna wimbo wa "White Christmas", na wakiuskia wabonyeze kitufe. Wimbo haukuchezwa hata sekunde moja kwenye huo mvumo. Wanafunzi 14 walibonyeza. Hakuna aliyekuwa amehipnotishwa, hakuna aliyelipa mia tano, hawakuwa wagonjwa. Waliambiwa tu wangoje kitu, na karibu theluthi yao wakakipata.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya zamani. Paris, 1784. Daktari mmoja anaitwa Mesmer alikuwa amevuma jiji lote akidai kuna nguvu fulani isiyoonekana inayopita kwa vitu vyote, na yeye na wanafunzi wake wanaweza kuielekeza kwa mtu, kwa maji, hata kwa mti. Watu walikuwa wakitetemeka, wakilia, wakizimia, na wengine wakisema wamepona. Mfalme akaunda tume, na ndani yake alikuwa Benjamin Franklin, yule wa kwenye noti ya dola mia. Wakafanya jaribio kwa bustani ya Franklin. Mti mmoja ukatiwa hiyo nguvu. Halafu kijana wa miaka 12, aliyejulikana kuwa mwepesi wa kuitikia, akafungwa macho, akapelekwa kukumbatia miti mmoja baada ya mwingine. Akaanza kutoka jasho. Akakohoa. Kichwa kikauma. Kwa mti wa nne akazimia kabisa.

Mti wenye nguvu ulikuwa mwingine.

Sisi ambao eneo letu zima, Mukurwe-ini, limepewa jina la mti, tunaweza kuielewa hiyo hadithi haraka kuliko Wafaransa. Kijana hakuigiza. Alizimia kweli, alianguka kweli. Lakini mti haukufanya kitu, alijizimisha kwa kuamini kwamba mti ndiyo huu. Hiyo rekodi yako ya mia tano ni mti.

Na usidhani haya ni ya Wazungu wa vitabuni. Hapa Afrika Mashariki, Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Kufikia Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wameshikwa na kicheko na kilio, na shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na viini, hawakupata. Hakukuwa na rekodi, hakukuwa na hedifoni. Wasichana walikuwa na presha, na walikuwa wanaonana. Mwili ulifuata kile ambacho macho yalitarajia.

Kuna wengi mnaoskiza usiku kitandani, halafu mnaniandikia saa nane mkisema mmeskia mtu akiita jina lenu, ama mtu ameketi kifuani na hamwezi kusonga. Hapo rekodi tusiisingizie sana. Mpaka kati ya kuwa macho na kulala huwa na vurugu zake, watu wengi wanazo: kuanguka ghafla kama umekosa ngazi, sauti moja kali, sura. Na mwili wa aliyelala hufungwa usifuate ndoto, kwa hivyo akili ikiamka kabla mwili haujafunguliwa, unapata lile ambalo wazee waliliita jinamizi. Shosho yangu analijua bila YouTube. Linaisha lenyewe baada ya sekunde chache ama dakika moja mbili, na linakuja zaidi ukiwa hujalala vya kutosha. Sasa wewe umekaa hadi saa nane na rekodi ya "kulala vizuri". Fanya hesabu.

Sasa nifike kwa kitu kilichonifanya niandike hii. Hapa sicheki.

Kuna jamaa wa huku kwetu, miaka 26, fundi wa pikipiki, mikono safi sana kwa kazi. Amekunywa kila siku tangu amalize fomu foo, na si bia, ni zile za chupa ndogo. Hamhitaji niwaeleze pombe imefanya nini huu upande wa mlima. Februari 2024, pale Kangai, Kirinyaga, pombe ya sumu iliua watu zaidi ya kumi kwa siku chache, na tulikuwa tumezika wengi polepole kabla ya hapo bila kamera. Kwa hivyo jamaa kuamua kuacha ilikuwa habari njema kwa boma lote. Alinunua rekodi. Akaanza Jumatatu, bila tone moja, akiskiza asubuhi na jioni.

Jumanne mikono inatetemeka, jasho linamwagika kwa hii baridi. Akamwandikia muuzaji. Akajibiwa kwamba mwili unatoa sumu, ni ishara nzuri, aendelee. Jumatano akaanza kuhisi siafu wakimtembelea mikononi. Anawapangusa, anavua shati, anakung'uta godoro. Muuzaji akajibu kwamba hisia zikiwa kali hivyo ndiyo amefika ndani. Mamake alinijia na ile simu mkononi, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unajua mambo ya simu. Hebu niangalizie hii kitu imemfanya nini mtoto wangu."

Simu haikuwa imemfanya kitu. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka, kila siku, akiacha ghafla, ubongo uliokuwa umezoea kukandamizwa na pombe unaachiliwa mara moja kama spring'i. Katika siku ya kwanza huja kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio. Ndani ya siku mbili mtu anaweza kuanza kuona, kuskia au kuhisi vitu ambavyo havipo, na wadudu kwa ngozi ni moja ya malalamiko ya kawaida kabisa. Anaweza kupata kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, joto likapanda, na hiyo hali isipotibiwa inaua. Hospitalini kuna dawa ya kuutuliza huo ubongo polepole, na vitamini ambayo walevi wengi huwa wameishiwa. Ni kitu kinachotibika. Tulimpakia kwa Probox ya jirani, akatibiwa, na leo yuko hai, bado anapambana.

Sasa rudi kwa yule muuzaji. Sidhani alitaka kumuua mtu. Aliamini kile ambacho wengi wenu mnaamini, kwamba hisia ni risiti. Na ukishaamini hivyo, siafu wa hipnosi na siafu wa kuacha pombe wanafanana kabisa, wote ni habari njema. Hapo ndipo huo uwongo mdogo, ambao kwa mtu mzima wa afya ni wa kuchekesha tu, unageuka kaburi.

Kwa hivyo kama wewe au mtu wa kwenu anakunywa kila siku na anataka kuacha, asiache peke yake na hedifoni. Aende hospitali kwanza, aseme ukweli anakunywa kiasi gani. NACADA wana laini ya bure, 1192. Baadaye, akishavuka zile siku, askize rekodi zote anazotaka zikimtuliza. Na namna ya kutofautisha haihitaji digrii. Mbu wa hipnosi anakuja ukimwita na anaondoka ukifungua macho, ukikaa, ukinywa maji. Ukihisi au ukiskia vitu mchana, hukuviita, hukuwa unaskiza chochote, na haviondoki ukiamka, hiyo si rekodi kufanya kazi, hiyo ni kliniki. Vivyo hivyo kama una kifafa, ama umewahi kuskia sauti zinazokuamuru, usianze mchezo huu kabla ya kuongea na daktari wako, na dawa zako usiziguse kwa sababu sauti ya YouTube imekuambia umepona.

Kuna watakaosema nimekubaliana na pasta, kwamba haya mambo ni ya giza tuyaache. Hapana. Pasta anasema kuna kitu kimekuingia. Muuzaji naye anasema kuna kitu kimekuingia, tofauti ni bei. Mimi nasema hakuna kilichoingia, kilikuwa ndani.

Na kilichoko ndani kina kazi. Mwaka 1984 madaktari wa Manchester waliwachukua wagonjwa 30 wenye tumbo sugu lililokataa dawa, wengine wakapewa hipnosi, wengine mazungumzo ya kawaida na tembe isiyo na dawa. Waliopewa hipnosi walipata nafuu zaidi kwa wazi. Hiyo ndiyo "ukilinganisha na nini" niliyokuwa nikitafuta. Kwa maumivu pia kuna ushahidi mzuri, hasa kwa wale wanaoitikia sana. Kwa kuacha sigara ushahidi ni dhaifu. Kwa pesa kukufuata hakuna, na kwa ex kupiga simu, manze, mwachie huyo mtu amani yake. Mimi mwenyewe naskiza moja ya dakika kumi na tano kabla ya kurekodi video, inanipunguzia wasiwasi, na sijawahi kumwona mbu.

Mengine haraka haraka. Huwezi kunasa huko ndani usiamke. Rekodi ikikatika kwa sababu bando imeisha, utafungua macho ama utalala usingizi wa kawaida. Usiskize ukiwa kwa pikipiki, hata kama ni abiria, utaachilia mahali pa kushika. Kuhusu kama mtu anaweza kukuamuru ufanye usichotaka: unabaki unajua uko wapi na unaweza kukataa, lakini maneno unayoyaskia kila usiku ukiwa umelegea yana uzito, kama vile wimbo wa tangazo unavyokukaa. Kwa hivyo iskize yote kwanza mchana, umeketi, ukipika chapo, macho wazi. Ukiskia inakuambia umtegemee mwenye sauti, umtii, urudi kwake, ununue nyingine, ifute. Rekodi nzuri inakuhesabia kurudi juu mwishoni na inakuacha uende zako.

Njia salama zaidi ni uandike maneno yako mwenyewe na ujirekodi kwa simu, kwa Kiswahili ama Kikuyu, lugha unayootea. Utaona aibu kuskia sauti yako siku ya kwanza. Siku ya tatu utazoea.

Na hedifoni, hapana, si lazima. Hata zile za mia na hamsini za pale stejini zinatosha, ama simu iwe tu kando ya mto, sauti chini, usimwamshe mwenzako wa keja.